Maziwa ya Mkono Wangu Mwenyewe

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Ni yule aliyeambiwa ana malaria mara nne, akameza vidonge vyote, homa ikarudi tena, na sasa ameanza kuwatazama watu wa nyumbani kwake kwa pembe ya jicho. Ndugu yangu, nilikuwa hapo ulipo. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamfukuza mtu.

Kwetu ni upande wa Sotik, si mbali na soko la Chepilat. Nina ekari moja na nusu ya majani chai, mahindi kidogo, na wakati ule nilikuwa na ng'ombe watatu. Mke wangu ni Rebeka. Binti yetu ni Chebet, na ndiyo maana watu huniita Baba Chebet. Shamba langu limepakana na la kaka yangu mkubwa, Wesley, na kati yetu kuna mstari mmoja wa miti ya chai ambao marehemu baba alituachia tuchume kwa zamu. Hakuna aliyewahi kuugombania. Lakini wakati wa ugonjwa niliihesabu ile miti kila wiki, nione kama kuna mmoja umehama.

Ilianza katikati ya miaka ya tisini, mvua ndefu zikiwa zimekolea na majani yakitoka kwa fujo. Nilikuwa nachuma tangu asubuhi, kikapu mgongoni, na kwenye saa tisa hivi nikasikia baridi imeingia ndani ya mifupa. Nilifika kituo cha kupimia majani nikitetemeka, na karani akaniuliza kama nimepitia kwa wauza pombe. Asubuhi yake Rebeka alikuta shuka limelowa, akalianika kwenye ua. Siku hiyo nilikuwa mzima kabisa, hata nikajicheka. Siku ya tatu ikarudi.

Hivyo ndivyo inavyokuja. Asubuhi wewe ni mtu, alasiri wewe si kitu. Kiuno kinauma, nyonga zinauma, na jasho lina harufu ambayo si yako. Unatamani kulala, na ukilala unatamani kuamka.

Zahanati yetu ilikuwa na benchi moja refu, nami nililijua lile benchi kuliko kiti changu cha nyumbani. Unakaa mwisho, unasogea kidogo kidogo, unasikiliza watoto wakilia mbele yako, na ukifika mlangoni homa imeshashuka na mhudumu anakuona mzima. "Malaria," alisema bila kuinua kichwa. "Huu mwezi ni malaria tu." Akanipa klorokwini. Kama mwili wako ni wa kuwashwa na klorokwini, unajua ninachosema: nilijikuna na gunzi la mahindi mpaka ngozi ikachubuka. Nilirudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne akaandika taifodi, nadhani kwa kunionea huruma.

Kilo zikaanza kukimbia. Mshipi wangu niliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, kisha jingine. Miaka ile mwanamume akikonda watu hawakuuliza mara mbili, walikuwa na jibu lao tayari. Kanisani, fundi mmoja ambaye siku zote alikaa nami benchi moja alihamia upande wa pili, akisingizia kwamba pale kuna upepo. Nilimwona, naye akaona nimemwona. Tangu Jumapili ile nikaanza kuchunguza watu wanavyonishika mkono, nani anaminya na nani anagusa vidole tu na kuondoka.

Hapo ndipo swali likaniingia. Kwa nini mimi peke yangu? Rebeka anapakua kwenye sufuria ile ile, Chebet anaruka ruka uani, Wesley na mkewe Raeli mashavu yamewajaa. Ni malaria gani hii inayochagua? Nilijiona nina akili sana kuuliza vile. Na kusema kweli lilikuwa swali zuri, ila nililijibu mwenyewe.

Nilianza na Raeli. Alikuwa ananiletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, akisema mgonjwa lazima apate nguvu. Sasa, kibuyu cha mursik hupakwa ndani kwa mkaa wa mti maalum, kwa hiyo maziwa hutoka yana rangi ya majivu na vidoadoa vyeusi. Nimeyanywa tangu nikiwa mtoto. Lakini siku ile nilikitazama kikombe nikajiambia, hapa mtu akitia kitu chake nani atakiona? Nilimshukuru Raeli, nikangoja aondoke, nikampa mbwa. Kisha nikakaa siku mbili nikimchunguza yule mbwa. Aliendelea vizuri tu. Nikasema labda dawa yenyewe ni ya watu, haishiki mbwa.

Kisha akaja mama mmoja mgeni kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba, mwenye karama ya unabii. Katikati ya maombi akasema, "Kuna mkono unachezea kikombe ya mtu hapa." Tulikuwa watu kama thelathini mle ndani, nami nikayachukua yale maneno yote nikaenda nayo nyumbani. Mkono unaofika kwenye kikombe changu kila siku ni wa nani? Ni wa Rebeka.

Rebeka alikuwa na utaratibu wake. Maziwa aliyachemsha mpaka yakapanda, akayashusha, akayarudisha tena, hata kama mimi nasubiri chai kwa hasira. Ndivyo mama yake alivyomfundisha.

"Hiyo maziwa nimechemsha, Baba Chebet. Kunywa kama bado iko moto."

"Nani aliingia jikoni wakati inachemka?"

"Nani aingie? Ni mimi na mtoto."

Jibu lile halikunituliza, lilinitia wasiwasi zaidi. Nikaamua kwamba kati ya chuchu ya ng'ombe na mdomo wangu hapatakuwa na mkono mwingine. Nilikuwa na ng'ombe mmoja aitwaye Fraide, kwa sababu alizaliwa Ijumaa, mpole, wa kukamuliwa hata na kipofu. Nikawa namkamua mwenyewe, nakunywa pale pale zizini nikiwa nimesimama, maziwa yana moto wa mwili wake, povu limenijaa kwenye sharubu. Nilikunywa asubuhi na jioni. Ugali wa Rebeka niliudonoa, mboga zake nilizipangua kwa kijiko nikitafuta sijui nini, lakini maziwa ya Fraide niliyanywa kwa moyo wote.

Siku moja Rebeka alinikuta. "Unakunywa bichi?"

"Bichi haina mtu ndani," nikamjibu.

Alichukua ndoo akaenda mtoni.

Mwezi wa saba ukaja na ile baridi yake ya ukungu mpaka saa nne. Nasema jambo hili linalofuata kwa sababu wanaume wengi hulificha mpaka wanaharibika: korodani yangu moja ilivimba, ikawa nzito na ya moto, nikawa natembea nimepanua miguu. Niliona aibu kubwa. Na aibu ile, badala ya kunipeleka kwa daktari, ilinipeleka kwa mke wangu. Nilijiambia sasa mambo yako wazi, amenilisha kitu ili nisiwe mwanamume, nife, halafu shamba lirudi kwa Wesley, naye arithiwe na Wesley. Niliyapanga yote yakakaa sawasawa, wala hakuna kipande kilichobaki nje.

Nikamwita Wesley na mzee mmoja wa kanisa, tukakaa sebuleni, na mbele yao nikasema Rebeka ananiwekea sumu. Mzee wa kanisa alikohoa. Wesley alisema, "Ndugu yangu, hiyo ni homa inaongea," nami nikasema bila shaka wewe ungesema hivyo. Rebeka alikuwa amesimama karibu na mlango, hajakaa. Hakupiga kelele.

"Kama nilikuwa nataka ukufe," alisema, "si ningenyamaza tu na hiyo homa ifanye kazi yake? Nani alikuwa anakubembeleza uende hosipitali kubwa?"

Kesho yake asubuhi alimfunga Chebet kwa leso mgongoni, akaenda kwao Chebunyo. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akishuka barabara ya shambani mpaka akapotelea kwenye mikaratusi. Sitakuficha, nilisikia nafuu. Nilinunua kufuli, nikafunga jiko, na ufunguo nikauning'iniza shingoni kwa uzi wa kiatu.

Basi nikaishi peke yangu. Nilipika mwenyewe, nikachota maji mwenyewe, nikakamua mwenyewe na kunywa mwenyewe. Hakuna mkono uliofika kwenye kikombe changu. Na katika wiki tatu zile hali yangu ikawa mbaya kuliko miezi yote iliyotangulia. Homa haikusubiri tena alasiri. Mgongo ulikataa kunyooka, nikawa naenda zizini kwa kushikilia ukuta. Majani yalikomaa shambani yakawa magumu, hakuna wa kuyachuma.

Siku moja nilikuwa nimekaa chini jikoni, kufuli imefungwa kwa ndani, nikaanza tena kuwapitia watu mmoja mmoja. Raeli alikuwa hajakanyaga kwangu tangu kile kikao cha sebuleni. Wesley vilevile. Rebeka yuko Chebunyo. Nikabaki bila mtu. Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana adui angalau ni mtu unayeweza kumfukuza. Nililia pale sakafuni, mwanamume wa miaka thelathini na nane, na sikujua nalia nini.

Wesley ndiye aliyevunja mlango. Alikuwa amesikia ng'ombe wanalia hawajakamuliwa.

"Unataka kufia hapa kama panya?"

Alinibeba mpaka barabarani, akasimamisha lori la majani, akamwomba dereva aniweke mbele. Njia nzima nilikuwa najiuliza kwa nini ana haraka hivi. Nilikuwa nimeushika ule ufunguo shingoni.

Katika hospitali ya misheni walinipa kadi na nambari, tukakaa kwenye ukumbi wa kungojea tangu asubuhi. Kulikuwa na nyanya mmoja aliyekuja na kuku ndani ya kikapu, na kijana mwenye goti lililovimba aliyemchekesha kila mtu. Ile sauti ya kicheko iliniuma. Nilipoitwa, nikamkuta daktari mwanamke, na kwa lafudhi yake nikajua anatoka ng'ambo ya mpaka, kwa Wakisii. Miaka ile, baada ya mapigano ya mpakani, sisi na wao tulikuwa hatujamaliza kutazamana vibaya. Nikasema moyoni, sasa nimeletwa kumalizwa.

Hakuuliza kuhusu malaria. Aliniminya kiuno, akanichunguza ule uvimbe bila kugeuza uso, kisha akauliza, "Unakunywa maziwa?"

"Nakunywa."

"Imechemshwa?"

"Hapana. Nakamua mwenyewe, nakunywa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ndio nisiwekewe kitu."

Aliweka kalamu chini. "Uwekewe na nani, mzee?"

Wesley alikuwa amekaa nyuma yangu. Daktari akauliza kama kuna ng'ombe wangu aliyetupa mimba mwaka huo. Ndipo nikakumbuka. Mvua zilipoanza, Fraide alitupa ndama wa miezi saba, na kondo la nyuma likakwama. Nililivuta kwa mikono mitupu mpaka kwenye kiwiko, nikajifuta na majani, nikaenda kunywa chai. Alitoa maziwa hata hivyo, na mengi, nami nikamshukuru Mungu.

Damu yangu waliipima, na siku iliyofuata jibu likaja: brusela. Daktari alinieleza kwa maneno machache kwamba ugonjwa unatoka kwa ng'ombe, kwamba nilianza kuupata kwa mikono na nikaendelea kuunywa kwa kikombe. Kisha akauliza, "Na mama watoto, yeye hunywa ya namna gani?"

"Ya kuchemsha."

"Basi ndio maana yeye hana shida."

Niliomba ile karatasi ya maabara. Nikaigeuza mbele na nyuma, nikitafuta mwandiko wa Wesley. Nakwambia hili ili ujue jinsi mtu anavyoweza kufika mbali. Halafu nikaiweka magotini na nikaona uso wa Rebeka pale mlangoni, hajakaa, na aibu ikanipanda nikatamani kulala chali nisiamke.

Walinilaza. Sindano ilikuwa moja kila siku kwa wiki tatu, na vidonge juu yake kwa wiki sita. Wiki ya kwanza nilihesabu siku kwa makalio: leo kulia, kesho kushoto. Wiki ya pili masikio yakaanza kulia na nikawa napepesuka kwenda chooni. Wiki ya tatu nikaamka alasiri moja nikagundua saa tisa imepita na sijatetemeka. Nilikaa kitandani nikiingoja homa mpaka chakula cha jioni kikaletwa. Hata hapo sikuamini, nilidhani imejificha.

Raeli alikuja kuniona na kibuyu. Alimimina mursik kwenye kikombe cha wodi akanishikisha.

"Nilichemsha kwanza kabla ya kuweka kwa kibuyu," alisema. "Ama nipelekee mbwa? Nasikia alinenepa sana."

Alijua siku zote. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, vidoadoa na vyote, huku machozi yananitoka, naye akajifanya anaangalia dirishani. Fraide, ofisa wa mifugo alisema hafai kuuzwa wala kukamuliwa, akachinjwa na kuzikwa nikiwa bado hospitali. Nilimlilia yule ng'ombe. Katika mwaka mzima ule ndiye peke yake niliyemwamini.

Nilipomaliza vidonge, mahindi yalikuwa yamekauka shambani na watu wanavuna. Nikaenda Chebunyo pamoja na Wesley na yule mzee wa kanisa, kwa sababu mke aliyerudi kwao hafuatwi na mtu mmoja. Tuliketishwa nje kwanza, muda mrefu, juani. Mama mkwe alipita mara mbili bila kunitazama. Tulipoitwa ndani, baba mkwe hakuuliza habari ya ugonjwa.

"Ile maneno ulisema kwako," aliniambia, "sema tena hapa. Yote. Yeye akisikia."

Ilibidi niyarudie, sumu, uanaume wangu, shamba, Wesley, moja baada ya jingine, na kila neno lilivyotoka nililisikia kwa masikio ya watu wale. Kisha nikasema yalikuwa uongo, na nikaomba msamaha. Rebeka alikuwa amekaa karibu na mama yake, Chebet amelala mapajani.

"Nikuulize," alisema. "Kama huyo daktari hangepata hiyo kitu kwa damu, leo ungesema ni nani?"

Wesley alinigusa mguu nijibu vizuri. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno mazuri. "Ningesema ni wewe," nikajibu.

Baba mkwe akatazama paa.

"Afadhali umesema," Rebeka alisema. Alirudi nyumbani baada ya Krismasi, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, na kufuli ya jikoni akaitupa kwenye shimo la choo bila kuniuliza.

Basi, ndugu yangu, haya ndiyo ninayoweza kukupa. Ikiwa homa yako inakuja na kuondoka na kiuno kinakuuma, omba wakupime damu kwa brusela, na usione haya kuuliza. Chemsha maziwa hata ya ng'ombe unayempenda. Usitie mkono mtupu ndani ya ng'ombe aliyetupa mimba. Maliza sindano, maliza vidonge, hata kama umeanza kusikia nguvu. Mimi nilipona kabisa. Mwaka uliofuata nilichuma tena tangu asubuhi mpaka jioni, na mshipi nikaurudisha kwenye tundu lake la zamani.

Lakini si kila kitu kilipona siku moja. Kiangazi cha mwaka ule Rebeka aliugua, homa ya kawaida tu, siku tatu. Nilimpikia uji wa wimbi, maziwa nikayachemsha mpaka yakapanda mara mbili, nikayatia kwenye uji, nikampelekea kikombe chumbani. Alikaa kitandani akakitazama kikombe muda mrefu.

"Weka hapo."

"Utapoa."

"Weka tu hapo, Baba Chebet. Nitakunywa ukitoka."

Nilitoka. Nilienda mpaka kwenye miti ya chai, nikasimama sijui ninafanya nini, nikarudi. Alikuwa amelala, amenipa mgongo. Kikombe kilikuwa kitupu, na dirisha lililokuwa limefungwa nilipotoka sasa lilikuwa wazi. Nje ya dirisha lile kuna nyasi fupi. Ni hatua kumi tu kuzunguka kona ya nyumba, na mtu angeona kama zimelowa uji.

Nilikichukua kikombe nikaenda kukiosha. Sikuzunguka nyumba.